Mchumba wa Lugha ya Karatasi

Mwanamume aliyemposa dada yangu mkubwa, miaka ile ya themanini, alikuwa mwalimu wa hesabu hapa Malindi, na sijapata kuona mjinga aliyesoma kama yeye. Mtalii mmoja wa hotelini alimfundisha lugha iliyotungwa mezani, lugha isiyo na mama wa kuisema wala mtoto wa kuota kwayo. Fahari ya lugha hiyo ni kwamba kila sentensi huchambulika kwa njia moja tu, hata na mashine, na neno huachwa pale tu ambapo kila msikilizaji atalirudisha lile lile.

Basi akatugeukia sisi na sheria hiyo. Shangazi akimwambia "Karibu," yeye huuliza, "Nani akaribie nini?" Muuza kahawa akisema "Bado," humsimamisha mpaka ataje kahawa, jiko na moto. Watu walimcheka akishawapa kisogo. Baba alimsifu: ana mshahara, na halewi. Dada hakuulizwa. Tulilala kitanda kimoja, nikajua alivyokuwa akilia, na nikamchukia yule bwana hadi chaki iliyomganda vidoleni.

Siku ya nikahi wanaume walikaa ukumbini, sisi wanawake chumbani, pazia katikati. Kwetu bibi harusi halazimiki kusema ndiyo. Baba humwuliza akiwa penye pazia, na binti akinyamaza, ameridhia.

"Mwanangu, nikuoze kwa mwalimu huyu. Waridhia?"

Kimya. Akarudia, kimya. Shangazi alishafungua kinywa apige kigelegele.

"Samahani, mzee," ikaja sauti ya mwalimu. "Hapo pameachwa maneno. Yaweza kuwa ya ndiyo, yaweza kuwa ya la. Naomba ayatamke yote."

"We bwana, kimya ndilo jibu!" sheikh akamkemea.

"Si kwa mantiki," akasema yule mpumbavu, na nina hakika alitabasamu.

Dada akajifunua mtandio usoni.

"Mimi," akasema polepole, kama anayewasomea watoto imla, "sikubali kuolewa na wewe."

Mwalimu aliinuka. Alitafuta viatu vyake mlangoni, akaondoka bila kuaga. Namdharau hata leo, maana hata kumwokoa dada yangu alimwokoa bila kukusudia.

Baba alibaki ameshika pazia. Wageni walipokwisha kutawanyika, aliingia chumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda, akamwuliza dada, kwa mara ya kwanza, yeye anataka nini.