Barafu ya Samuel Mung'aro

Samuel Mung'aro alikuwa mlinzi wa friza. Si utani, ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya Mji wa Kale, katika maabara ya Daktari Zohra, mwaka wa tisini na sita. Ndani ya friza mlilala chupa za seramu, yale maji ya damu ya ndama ambao hawajazaliwa, rangi ya asali. Daktari aliyatumia kulishia seli za kupimia homa zilizokuwa zikiua watoto. Amri zilikuwa chache: seramu iyeyushwe mara moja tu, polepole, ndani ya friji, na isigandishwe tena. Mlango wa friza usifunguliwe ovyo.

Mung'aro aliyashika yote. Lakini alikuwa na njaa moja. Miaka yote aliyofanya kazi pale, wazee wa mtaa walimwita "yule Mgiriama wa madawa", na akipita barazani hakuna aliyesogea akae.

Ramadhani ikaja na joto lake. Ghulam, muuza vitambaa wa jirani, akabisha hodi na mifuko ya nailoni iliyojaa maji.

"Mung'aro, ndugu yangu, nigandishie. Friji yangu imekufa."

"Hii friza ni ya kazi, Bwana Ghulam."

"Kwani barafu yangu itaila kazi yako? Utamnyima maji mtu aliyefunga?"

Ndugu yangu! Akafungua. Kesho yake ikaja mifuko ya mtaa mzima. Mchana mlango ulifunguliwa kutia maji ya moto-moto, magharibi ukafunguliwa kutoa barafu. Seramu ikalegea, ikaganda, ikalegea, ikaganda. Na barazani Mung'aro akasogezewa nafasi, akaitwa "Sheikh Samuel", msalaba shingoni na tende mdomoni.

Idi ilipokaribia, daktari alikuta seramu imejaa vinyuzi vyeupe kama maziwa yaliyokatika. Seli alizozilea kwa miaka zilikuwa zimebanduka kwenye chupa, zinaelea, zimekufa. Ndani ya friza, pembeni, palikuwa na mfuko uliosahauliwa.

"Samuel, hii nini?"

"Barafu, daktari. Ya majirani."

Zohra hakugomba. Alikaa kwenye stuli akalia kimya, kilio cha kumfanya mtu atamani kutukanwa. Kisha akamwomba funguo.

Baada ya tarawehe Mung'aro alikwenda kutafuta pole barazani.

"Nimefukuzwa, wazee wangu. Barafu imeiharibu damu ya ndama."

"Damu gani?" akauliza Mzee Zein, kikombe cha kahawa hewani.

Mung'aro, maskini, akaeleza.

"Umetufuturisha najisi!"

"Chupa zilizibwa, mzee, wallahi..."

"Usituapie!"

Mung'aro akamgeukia Ghulam, aliyekunywa barafu kuliko wote. Ghulam akapangusa ndevu.

"Mimi nilimwambia toka mwanzo, ile friza ni ya kazi."

Siku ya Idi wasichana walipita na sinia za vitamu, nyumba hadi nyumba. Mung'aro alikaa mlangoni, shati limepigwa pasi. Wakaruka mlango wake. Na kichochoro kilivyo chembamba, iliwabidi waseme "samahani", akunje miguu, ndipo wapite.