Neno la Rafaeli juu ya Gari Jipya

Watu wanaopenda magari wana mdomo. Mimi Tadeo, fundi wa injini, nimewatumikia miaka mingi na sijamwona mmoja anayeweza kutazama gari akanyamaza. Jumamosi ile ya mwaka hamsini na sita walijaa gerejini kwetu Tanga, kwenye barabara ya kwenda Pongwe, kulitazama gari jipya la mbio lililoshushwa bandarini juzi yake. Joto la Februari halina adabu, mafundi tumechoka, na wao wanabishana juu ya pua ya gari.

Kwanza niwaambie Rafaeli ni nani. Rafaeli Shemweta alikuwa Msambaa wa Lushoto, Mlutheri asiyekosa ibada, aliyepanga chumba kimoja mtaa wa Mabawa na mkewe Kristina. Gerejini yeye alikuwa seremala. Msishangae. Magari yale ya zamani ya viti viwili yalikuwa na mifupa ya mbao ndani ya bati, na mbao ya Ulaya kwa mchwa wa Tanga ni karamu. Mlango ukilegea, gari linaletwa kwa Rafaeli. Hakuanza kwa kubandua bati. Aligonga kwa kifundo cha kidole, kutoka mlangoni hadi nyuma, polepole, sikio karibu na bati, akasema hapa pamekufa, hapa pazima. Kisha anachonga mvule na kuuingiza. Kwa miaka tisa sikumwona akikosea.

Gari alilolipenda kuliko yote lilikuwa la Badr bin Harub, mwenye mashamba ya minazi kule Moa. Rafaeli alilibadilisha mifupa yote, kipande kwa kipande, mpaka Badr mwenyewe akawa analiita gari la Rafaeli. Mengine ya namna ile yalikuwa yameshaondoka mjini. Bosi alitueleza wazi kwamba Badr akiliacha lake, gereji haitakuwa na haja ya seremala. Na Badr alikuwa ametangaza kwamba hatanunua jipya mpaka Rafaeli aligonge.

Kwa hiyo Ijumaa nilimwambia Rafaeli atafute kasoro. Hata ndogo. Gari gani halina kasoro? Yeye aliendelea kupiga randa, akasema amenisikia.

Jumamosi wakaanza. Meneja mmoja wa shamba la mkonge alisema wameliua kabisa. Taa za mbele, zilizokuwa zimejitokeza kama macho ya kaa, sasa wamezizamisha, na umbo zima limekuwa kipande cha sabuni kilichotumika. Mgoa mmoja, karani wa forodha, akajibu kwamba sabuni ni afadhali kuliko sanduku, na kwamba yeye amechoka kufika kanisani amelowa kwa ajili ya turubai linalovuja la gari la zamani. Meneja akamwambia asiyetaka kulowa apande basi. Wakaendelea hivyo mpaka kichwa kikaniuma. Badr alilizunguka gari mara tatu, anapapasa bati. Kisha akamwita Rafaeli.

Rafaeli akafuta mikono, akainama, akaanza kugonga. Mlango, kizingiti, chini ya kiti, nyuma. Wabishi wakasogea karibu. Kote mlio ulikuwa mmoja, wa chuma. Akaufungua mlango, akaufunga kwa kidole kimoja, nao ukaingia mahali pake bila kelele. Nilimkodolea macho. Nikamkanyaga mguu, Mungu anisamehe, nikamkanyaga hasa.

"Zuri, Bwana Badr," alisema. "Halina mbao hata moja. Sijasikia pa kulaumu."

Badr akamshika bega. "Nilikuwa nangoja neno lako tu, fundi," alisema, akaenda moja kwa moja ofisini kwa bosi. Wenzake wakaanza kubishana upya, safari hii juu ya rangi.

Nilikasirika sana. Injini ya gari lile nilikuwa nimeshaichungulia asubuhi, nikaona ni ndugu ya ile ya zamani, kazi yangu ipo. Labda ndiyo maana nilimkaripia kwa ukali vile. Watu walipoondoka nilimfuata mezani kwake, ambako mlango wa gari kuukuu la Badr ulikuwa umelala, bati limebanduliwa, kipande cha mvule kimechongwa nusu. Nikamuuliza kama ana akili timamu.

Alikaa kwenye kigogo chake. Sikuwahi kumwona amechoka namna ile.

"Aliniuliza habari za gari, Tadeo," alisema. "Habari zangu hakuniuliza."

Aliinuka, akachukua patasi, akaniomba nishike mbao upande wa pili, kwa kuwa mlango wa watu hauachwi vile. Nikashika. Tuliumaliza saa kumi na moja, tukaupachika kwenye gari ambalo mwenyewe alikuwa ameshaliacha. Rafaeli akaufunga, akagonga mara moja, akasema pazima. Kisha akaanza kukusanya vyombo vyake.