Njumu za Kaka

Kaka yangu alipofariki, nyumbani kwetu Isevya tulibaki wawili, mimi na mama, na njumu zake za mpira zikabaki kwenye boksi chini ya kitanda changu. Yeye alikuwa mtu wa uwanjani, mimi mtu wa ndani. Mama alikuwa akiniita mwali wake wa kiume, na majirani hawakumbishia.

Wiki ya tatu ya msiba, upepo wa mvua uling'oa bati la chumba changu. Nikasogeza godoro langu, nikasogeza redio yangu, nikalala. Boksi la njumu nililikumbuka siku mbili baadaye. Ngozi imevimba, imeota ukungu, na soli ya kulia imeachama kama mdomo wa kambale.

"Arobaini tunagawa vitu vyake," mama alisema bila kuniangalia. "Kanzu kwa baba yako mdogo. Njumu hizo kwa rafiki yake, yule beki. Nataka nizione uwanjani tena. Umesikia?"

"Nitazitengeneza, mama."

"Wewe? Kandambili zako mwenyewe umezifunga waya."

Ni kweli. Lakini nilijitahidi. Nilifuta ukungu kwa kitambaa chenye siki, nikazijaza magazeti, nikazianika kivulini, magazeti nikibadilisha kila asubuhi. Soli nikaipaka gundi, nikaishona kwa uzi wa nailoni. Vidole vyangu vikatoboka kuliko kiatu. Ikabaki kulainisha ngozi kwa nta. Nikaenda Kwihara kwa mjomba, anayetundika mizinga ya nyuki, akanipa masega yaliyokwisha kukamuliwa.

"Yachemshe na maji, chuja, nta ikiganda maji mwaga. Halafu rudia," akasema. "Mara mbili, mjomba. Asali isibaki hata tone."

"Kemia nimesoma mpaka kidato cha nne, mjomba."

"Ndiyo maana nakwambia mara mbili."

Nikachemsha mara moja. Arobaini ilikuwa kesho, mkaa unaisha, na mimi kukaa uani kutwa nzima nilikuwa nimeshachoka. Nta ilitoka ya manjano, inanukia vizuri. Nikaipaka ikiwa vuguvugu, njumu zikang'aa. Mama akaingiza mkono ndani ya kile cha kushoto, akauacha humo kwa muda.

"Kumbe una mikono," akasema.

Sikuwahi kusifiwa hivyo. Nikazirudisha chini ya kitanda, pale pale.

Asubuhi nikavuta boksi. Panya walikuwa wamefuata asali. Cha kushoto kilikuwa na alama za meno tu. Cha kulia, pua yote haipo, na uzi wangu wa nailoni unaning'inia.

Hitima ilipokwisha mama akaniita, "Lete njumu." Nikazileta mbele ya watu wote. Alikigeuza kile cha kulia polepole. Hakulia, machozi alishayamaliza.

"Mguu huu ndio aliokuwa akipigia," akasema.

"Mama, nipe tu hivyo hivyo," yule beki rafiki wa kaka akasema.

Mama akampa cha kushoto. Akakipokea kwa mikono miwili, akashukuru kana kwamba amepewa pea nzima. Cha kulia mama alikiweka mapajani mwangu.

"Malizia."

Nimetia kiraka cha ngozi ya mkoba wa zamani, na nta siku hizi nachuja mara tatu. Kila nikimpelekea anaingiza mkono, vidole vinafika penye kiraka, anautoa.

"Bado," anasema.