Magadi ya Himo kwenye Mtihani wa Madaktari

Kwa miaka thelathini na mmoja, kazi ya Basili ilikuwa kupanga mezani vyombo ambavyo wanafunzi wa udaktari wa mwaka wa kwanza wangevivunja. Walimu wa kemia walikuja na kuondoka; yeye alibaki, na koti lake jeupe lililotobolewa na asidi, akishuka kutoka Mwika kila alfajiri hadi chuoni Moshi na kupanda tena jioni. Katika miaka yote hiyo hakuna mtihani wa vitendo uliowahi kuharibika mikononi mwake. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake, na aliitunza kuliko ng'ombe.

Asubuhi ya mtihani alifungua mkebe wa sodiamu kaboneti, akakuta vumbi tu. Wanafunzi sitini na wanne, wa udaktari na wa meno, walikuwa wamekwishajipanga mlangoni. Mkobani mwake mlikuwa na magadi ya kupikia kiburu, ndizi na maharage, aliyoagizwa na mkewe Mektrida, akayanunua Himo jana yake na kusahau kuyatoa. Basili hakuhangaika. Shuleni alifundishwa kwamba sodiamu kaboneti ndiyo magadi, na magadi ndiyo hayo hayo yanayolainisha maharage. Akayasaga, akayapima kwa uzito ule ule, akayayeyusha na kuyachuja mpaka maji yakang'aa, kisha akabandika lebo ya kila mwaka.

Kazi ilikuwa rahisi: tia asidi tone kwa tone mpaka rangi igeuke, andika imetumika kiasi gani. Jibu lilikuwa lile lile kila mwaka: mililita ishirini na tano. Lakini magadi ya sokoni yana ndugu wengi ndani yake, chumvi na mengineyo, na asidi kidogo huyatosha. Wanafunzi sitini na watatu walipata kumi na saba. Wakarudia, kumi na saba. Binti mmoja alidondosha machozi ndani ya chupa, akapata kumi na saba vile vile. Godlove wa meno peke yake aliandika ishirini na tano, mara tatu, kwa mwandiko mzuri.

Mwalimu wao, Dk. Violet, alikuwa Mchagga wa Machame kwa ukoo na mtu wa Dar kwa malezi. Alisoma majibu, akatangaza kwamba darasa zima limefeli na litarudia somo, isipokuwa kijana mmoja ambaye meno ya taifa yatakuwa salama mikononi mwake.

Siku hiyo Basili hakula. Alijua kosa ni lake na adhabu ni ya watoto wa watu. Ila mdomo wa mzee haufunguki kirahisi mbele ya mwalimu binti wa miaka thelathini na mbili, na ndiyo maana wazee wa mlimani waliweka jani. Akakata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba chake, shamba la migomba la ukoo. Anayekuletea isale anaomba msamaha. Huruhusiwi kumkatalia, naye hana haja ya kuhubiri.

Jumatatu akaliweka mezani kwa Dk. Violet, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee Basili. La nini hili?"

"Marahaba, Daktari. Ni isale."

Akangoja. Aliamini kwamba Mchagga, hata akizaliwa ghorofani Dar, huzaliwa analijua. Violet alidhani ameletewa mmea wa kujaribia, pengine maji yake hugeuka rangi yakikutana na asidi. Akashukuru sana, akaagiza lichemshwe.

Jumatano Basili akaleta la pili, kubwa zaidi. Violet akamsifu mbele ya wakuu wa idara kwa moyo wake wa utafiti. Ijumaa akaleta la tatu, pamoja na mizizi yake. Hilo likatiwa kinuni mbele ya darasa zima, na Godlove, kwa kuwa ndiye bora, akaitwa kuliponda.

Godlove ni mtu wa Kibosho, Mchagga aliyekulia mlimani. Alichungulia kinuni, akatazama lile la Jumatano likitokota juu ya moto, akarudi nyuma hatua mbili.

"Daktari, hili silitwangi."

"Lina sumu?"

"Ni la kuomba msamaha. Na nyie mmelipika."

Hakuwa na shaka kwamba limewekwa pale kumwumbua yeye, aliyekuwa na la kuombea msamaha. Akakiri bila kuulizwa kwamba siku ya mtihani hakufungua hata bomba la asidi. Jibu alipewa na wa mwaka wa pili.

Violet akaligeukia darasa. "Kama wewe hukupima, hawa sitini na watatu wamepima nini?"

"Magadi," Basili akasema. "Ya Himo. Mkebe ulikuwa mtupu. Wamepima sawasawa, Daktari. Mwenye kosa ni mimi, na majani ni yangu, yote matatu."

Violet akakaa. Akamwuliza Godlove, kama mgonjwa anayeulizia dozi, iwapo inaruhusiwa kukataa. Hairuhusiwi. Na kama limeshachemshwa? Godlove akamgeukia Basili. Basili alifikiri kwa uaminifu. Mwika watu wamesameheana mipaka, ng'ombe na hata damu, lakini hakuna aliyewahi kuchemsha msamaha.

"Sijui, Daktari. Labda umekolea."

Violet akachukua orodha ya alama, akakata ishirini na tano, akaandika kumi na saba. Waliofeli wakafaulu. Godlove akaamriwa apime upya hapo hapo, Basili akimmiminia magadi yaliyobaki. Alipata kumi na tisa. Mkono haukuwa umelizoea bomba.