Fundi wa Jang'ombe anayezitoa sare za harusi kabatini

Saa tatu asubuhi, Jumatano. Baraza ya Mwanakheri Ubwa, Jang'ombe, imejaa wanawake na hakuna anayecheka. Magauni yananing'inia kwenye kamba, mshono mmoja, mpangilio mmoja wa rangi. Bi Mwatima, mama wa bi harusi, ameshika mkono wa gauni moja kama aliyekamata mwizi.

"Hiki kijani ni cha harusi ya Zeyana," anasema. "Zeyana aliyeachwa hata mwaka haujesha! Kitambaa cha ndoa iliyovunjika waniletea kwenye harusi ya mwanangu? Mungu apishe mbali. Fumua."

Mwanakheri, fundi cherehani wa miaka 36, ana pini mdomoni. Anazitoa moja moja.

"Nikifumua mikono, Bi Mwatima, wageni wako watakwenda makwapa nje."

Harusi ya Bashira, binti wa Bi Mwatima, ni Ijumaa. Mikono ya magauni yote ni ya kijani kile kile.

Magauni haya ndiyo kazi ya mwisho ya Mwanakheri katika chuo kimoja cha ubunifu wa mavazi huko Mbweni, anakosomea namna ya kushona bila kuongeza taka. Sharti la chuo ni moja: nguo ivaliwe na watu kweli, kwenye shughuli ya kweli. Isipovaliwa, hana cheti. Na wateja wa Jang'ombe, kwa ndimi walizonazo, hawatarudi.

Anayezijua harusi za Unguja anaijua sare: kitambaa kimoja kwa wanawake wote wa familia, na asiyevaa huulizwa kama amealikwa au anapita njia tu. Gauni likishapigwa picha, basi. Kulivaa harusi nyingine ni kujitafutia maneno. Linaingia kabatini, na kabati likijaa linakwenda jaani.

Mwanakheri ameshona sare hizo tangu alipokuwa msichana. "Nnashona leo, kesho kutwa naliona lile lile limeziba mtaro," anasema. "Nikawa najiuliza, mie fundi au mie mzoa taka wa kinyumenyume?"

Tuseme wazi. Wanaoshusha makontena ya poliesta inayoshonwa sare hizi hawakai Jang'ombe. Masika yakija na mitaro ikaziba kwa matambara, si wao wanaochota maji chumbani kwa ndoo. Lakini nenda kwenye mkutano wa usafi uone anayenyooshewa kidole: mwanamke wa mtaani, aliyekopa anunue sare ili asichekwe.

Wanaokumbuka miaka ya foleni, kanga ilipopangiwa mstari tangu alfajiri, hawajasahau kwamba visiwa hivi vilijua kutunza nguo. Kanga ilianza matembezini, ikashuka jikoni, ikabeba mtoto, ikamalizikia kuwa dekio la sakafu. Hakuna aliyeiita elimu. Leo inarudi na jina jipya, na ada juu.

"Nalipa ada kuambiwa alichokuwa akifanya bibi yangu," Mwanakheri anacheka. "Ila bibi hakupata kuishi na poliesta. Hiyo ndiyo n'liyokwenda kuisomea."

Muhula wa kwanza walifukia vipande viwili vya nguo uani kwa chuo, cha pamba na cha poliesta. Walipofukua, pamba ilikuwa imeliwa na udongo. "Poliesta nimeifua, ndo mfuko wangu wa chaki huu," anasema, akiupiga kofi.

Kama kitambaa hakiozi, akaamua, basi kirudi kazini. Akamwomba Bi Mwatima awaambie wanawake wa familia walete sare za harusi tano zilizopita. Angezifumua, akate upya, kila gauni lipate kipande cha kila harusi, mahali pale pale. Sare mpya ingemgharimu kila mmoja shilingi 60,000, kitambaa na mshono. Hii ni 20,000. Bi Mwatima, ambaye bado alikuwa na ukumbi wa kulipia, alikubali upesi.

Mtaa haukukubali upesi. "Viraka!" jirani yake, Ummukulthum, alipiga kelele mbele ya watu. "Bi Mwatima kafilisika nini?"

"Shoga, ngoja uyaone," Mwanakheri alimjibu, "halafu uniombe nikushonee."

Kijani cha mikono alikichagua kwa jicho la fundi. Vitambaa vingine vilichakaa kwapani kwa kuvaliwa majumbani. Kijani kilikuwa kizima, kama kimetoka dukani. Na sababu kila mtu anaijua: Zeyana alipopewa talaka, hakuna aliyekivaa tena hata nyumbani.

"Nlijua ni cha Zeyana," anakiri. "Nkadhani watu washasahau. Jang'ombe hii!"

Barazani, Bi Mwatima bado ameng'ang'ania mkono wa gauni wakati hodi inapopigwa. Ni Zeyana mwenyewe, mtoto wa marehemu kaka wa Bi Mwatima, amekuja kuchukua gauni lake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Bi Mwatima anauachia mkono.

"Alaa, kijani changu! Hata hakijapauka!" Zeyana anatazama nyuso, moja baada ya nyingine. Anaelewa. "Ah. Kumbe hiki ndicho kinachozungumzwa."

Anamgeukia Bi Mwatima.

"Shangazi, kitambaa hiki alikichagua marehemu baba, sokoni Darajani, mie nipo. Wewe ukakivaa, ukacheza mpaka kiatu kikakatika. Hakikumwacha mtu kitambaa hiki. Kama kijani nuksi, nuksi ni mie, basi Ijumaa nikae nyumbani."

"Sikusema hivyo mie, mwanangu."

"Umesema fumua, shangazi."

Ummukulthum anakohoa. Bi Mwatima anajifunga upya mtandio wake, anaitazama kamba.

"Langu lipi?"

Anaingia nalo nyuma ya pazia. Sauti yake inatoka kabla yake: "Kwapani pananibana!"

"N'talegeza, Bi Mwatima."

"Leo hii."

"Leo hii."

Ijumaa, ukumbini, mikono ya kijani inapanda na kushuka kwa makofi. Wanawake wanagusana magauni: "Hii ya kwangu, hii ya dada yako, hii siku ile mvua ilipotunyeshea!" Zeyana yuko mstari wa mbele. Ummukulthum, aliyekuja na gauni jipya la dukani, anamvuta fundi pembeni: "Mie mbona umenifanya mpita njia?"

Picha zimeshafika Mbweni na kazi imepokewa. Mwanakheri sasa anatafuta chumba mtaa wa Mpendae cha kuweka cherehani ya pili, na masharti ameshayapanga: mama wa bi harusi atangulize mfuko wa sare kuukuu, vipimo baadaye. Asiyetaka, maduka ya vitambaa yapo. "Watakuja," anasema. "Maneno ya watu washayasikia yote, sasa wataangalia mfuko wao."

Wa kwanza amekuja Jumatatu: Bi Mwatima. Hakuleta mfuko. Amesimama kwenye kizingiti, akachungulia kikapu cha vipande vilivyobaki.

"Hicho kijani," amesema, "usikimalize. Zeyana bado kijana."