Hatua Ndogo za Mkataji

Mkataji alikuwa na kanuni moja ambayo hakuivunja hata siku moja: kisanduku cha leo kisibaki kitupu.

Visanduku hivyo alivichora mwenyewe, kwa rula ya chuma ya kazini, kwenye karatasi pana ya kahawia. Akaibandika chati ukutani juu ya meza ya kulia, mahali ambapo hata jirani aliyekuja kuazima kiberiti asingeweza kuikwepa. Safu ya kwanza ilikuwa ya maji, ya pili ya matembezi, ya tatu ya kuvuta pumzi, ya nne ya kushukuru. Ya tano, iliyokuwa ndiyo sababu ya chati nzima, ilikuwa ya macho. Kila alipojaza kisanduku kwa kalamu nyekundu alirudi nyuma hatua mbili akakitazama, kama mtu aliyejenga daraja.

Alikuwa mkataji mkuu katika kiwanda cha sare, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Kitambaa kilitandazwa mezani tabaka juu ya tabaka, hadi sitini, naye akauongoza wembe wa umeme kuufuata mstari wa chaki. Kazi hiyo haimdai mtu kutazama kulia wala kushoto. Anatazama mstari, upana wa kiganja mbele yake, basi. Ndiyo maana yeye mwenyewe alikuwa wa mwisho kujua kwamba dunia yake ilikuwa ikiliwa pembeni. Mkewe alianza kuona mapema: mume anagonga bega kwenye fremu ya mlango alioupita maisha yake yote, anamwaga chai iliyowekwa upande wa kushoto wa sahani. Akamburuta hospitali.

Daktari wa macho, mwanamke kijana asiyepoteza maneno, alimweleza kwa lugha ambayo hata mtoto angeielewa. Hii ni presha ya macho. Haiumi. Huanzia pembeni, na kinachokwenda hakirudi. Tone moja kila jicho asubuhi, tone moja kila jicho jioni, siku zote za maisha yako. Chupa huisha kwa mwezi; ikiisha, njoo uchukue nyingine.

Matone yaliwasha. Huo ndio ukweli mzima, na haukuwa na aibu yoyote. Angesema tu, "Sipendi, yanawasha," mkewe angemshika kichwa akamtilia, mambo yakaisha. Lakini Mkataji hakuwa mtu wa kukubali kwamba anaogopa maji ya chupa ndogo kuliko kidole gumba. Alitaka woga wake uvae suti.

Suti hiyo aliipata kwenye semina. Kiwanda kilimleta mwanasaikolojia kwa siku mbili, katika ukumbi wa chakula, awafundishe wafanyakazi kujenga mazoea mazuri. Yalikuwa mafundisho ya maana. Zoea jipya lifunge kwenye zoea la zamani. Anza na hatua ndogo mno hata ushindwe kupata kisingizio. Ukitimiza, jipongeze. Kila mtu alipewa kijitabu. Mama mmoja wa makamo ambaye kiwanda kizima kilimwita Shangazi, mtandazaji wa vitambaa katika meza ya Mkataji, alikichukua chake kimya kimya, akaanza kupunguza sukari ya chai nusu kijiko kila wiki, na hakumwambia mtu mpaka alipofika chai isiyo na sukari kabisa.

Mkataji yeye alitoka semina kichwa kimevimba. Saa ya chai akasimama katikati ya mashine.

"Ubongo, ndugu zangu, una uvivu wake. Ukiulazimisha, unakataa. Lazima uubembeleze!"

"Ehe, Mtaalamu!" Shangazi akadakia. "Na ule wa mume wangu anayekoroma tuubembeleze vipi?"

Wanawake wakaangua kicheko. Jina la Mtaalamu likamganda tangu siku hiyo, naye, maskini, alidhani ni sifa.

Kisha akayatumia mafundisho kwa matone. Wiki ya kwanza, hatua ndogo: kuishika chupa. Aliishika asubuhi, akaishika jioni, akajaza kisanduku, akajipongeza kwa soda baridi. Wiki ya tatu alipanda cheo, akawa anafungua kifuniko na kukifunga tena. Mwezi wa pili aliinamisha kichwa nyuma, chupa ikiwa juu ya jicho, akahesabu hadi kumi, bila kutia. Hayo aliyaita kuuandaa ubongo. Mtu mzima, baba wa watoto watatu, alisimama mbele ya kioo cha bafuni akifanya igizo la kutibiwa, kisha akaenda kunywa soda.

Mkewe alikuwa na macho mazima na hesabu rahisi.

"Baba watoto, hii chupa mbona haiishi?"

"Natumia kwa utaratibu."

"Utaratibu gani? Daktari alisema mwezi mmoja. Huu wa nne."

"Wewe unatazama chupa. Mimi natazama zoea. Zoea likishakomaa, dawa itajitia yenyewe."

"Dawa ijitie yenyewe!" Mama wa watu akacheka bila kutaka. Kisha akaacha kucheka. "Kaa hapa kwenye kiti. Nikutilie mimi. Dakika moja tu, mume wangu."

"Hapana, mama watoto. Motisha lazima itoke ndani. Ukinitilia wewe, zoea linakuwa lako, si langu."

Akanyanyua kidole akamwonyesha chati, nyekundu kutoka juu hadi chini, bila pengo hata moja. Mwanamke aliyelea watoto watatu na kumuuguza mama mkwe akaambiwa kwamba haelewi saikolojia. Akanyamaza. Baadaye alikuwa akisema kwamba kunyamaza kule ndiko kosa lake, lakini lawama ya kosa lile ilikuwa ya mwingine.

Mwezi wa tano Mkataji alianza kutia kweli: tone moja, jicho la kulia, asubuhi. Alitangaza kazini kama mtu aliyepata mtoto.

Siku mbili baadaye, kabla ya adhuhuri, Shangazi alikuwa upande wa kushoto wa meza, akinyoosha tabaka la juu lililojikunja. Alikuwa hapo tangu mwanzo, mtu mzima mwenye mwili wake, amevaa kitambaa cha rangi ya chungwa kichwani. Mkataji akawasha wembe, akageuza kona, akausukuma kuelekea mikono yake.

"We! We! Mkono wangu!"

Wembe ulipasua ukingo wa mkono wa blauzi yake na kuishia hapo. Meza nzima ilisimama. Shangazi alikuwa ameukumbatia mkono wake kifuani.

"Shangazi, umetokea wapi wewe?"

"Nimetokea wapi? Nimesimama hapa tangu asubuhi! Nimekuambia sogeza chaki, ukasogeza!" Akamtazama vizuri, na hasira ikamshuka kidogo. "Mtaalamu, hebu niambie. Hukuniona?"

Msimamizi alizima umeme wa meza ile na kumwandikia Mkataji barua ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Alikwenda na mkewe, na chini ya kwapa alibeba chati ameikunja. Alitaka daktari aione. Kwanza alikalishwa mbele ya mashine ya kupima upana wa kuona, akapewa kitufe abonyeze kila aonapo kimwanga. Alikaa muda mrefu bila kubonyeza, kitufe mkononi.

"Daktari, mashine yenu imekufa nini? Haiwaki."

"Inawaka, baba. Imekuwa ikiwaka muda wote."

Walipohamia mezani daktari aliomba chupa, akaitikisa. "Hii ni ya ngapi?"

"Ya kwanza," Mkataji alisema, na kabla hajakatizwa akaikunjua chati. "Lakini tazama mwenyewe. Siku mia moja hamsini na tatu, sijakosa hata moja."

Daktari akaweka kidole kwenye kisanduku. "Siku hii ulitia matone mangapi?"

"Hiyo nilifungua kifuniko."

"Na jana?"

"Jana tone zima. Jicho la kulia."

"Na la kushoto?"

"La kushoto nimelipangia mwezi ujao."

Daktari alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyeimwagia maji picha ya moto huku nyumba ikiteketea. Mkewe alikuwa ametoa kile kijitabu mkobani. Alikuwa amekisoma kwenye benchi la kusubiri, chote. Akasoma kwa sauti, polepole, bila kumwangalia mumewe: hatua ndogo ni kwa mazoea ya kujenga taratibu, kama mazoezi na usingizi. Dawa uliyoandikiwa na daktari itumie kamili tangu siku ya kwanza. Itafutie saa na mahali pasipobadilika, na mwombe mtu wa nyumbani akukumbushe.

"Ukurasa wa tisa," akasema. "Wewe ulisoma mpaka wa nane. Wa soda."

Mkataji akaanza kuikunja chati.

Sasa mkewe humtilia. Asubuhi akishanawa uso, jioni kabla ya chakula, kichwa kikiwa kimeegemezwa ukutani. Hakuna hotuba. Yanawasha, anafumba macho, yanaacha kuwasha. Huchukua muda mfupi kuliko kumenya kitunguu, na presha imeshuka kama daktari alivyosema ingeshuka. Kilichokwenda hakikurudi, kama alivyosema pia.

Jicho la kushoto limekufa. La kulia limebakiwa na tundu la katikati, lenye kutosha kumwona mtu uso bila kumwona mikono. Kiwanda hakimruhusu kugusa wembe, na kazi nyingine haijui. Ana miaka hamsini na mmoja.