Poongodi na Sauti ya Marehemu Yazhini

Saa nne asubuhi, Saligramam, Chennai. Poongodi anavua bangili zake na kuzilaza juu ya kitambaa, zisije zikalia mbele ya maikrofoni. Kwenye skrini, msichana mwenye sari ya njano anakatiza mashamba ya chumvi, anageuka, anafungua kinywa.

"Usiniambie utarudi," Poongodi anasema. "Niambie unaondoka lini."

Maneno yanakaa sawasawa kwenye midomo ya yule msichana. Nyuma ya kioo, fundi sauti Devasagayam anainua kidole gumba, lakini hatabasamu. Yazhini, msichana wa kwenye skrini, alifariki Februari.

Poongodi, mwenye umri wa miaka arobaini na tisa, amewasemea waigizaji wa kike kwenye filamu, sauti yake ikiwekwa midomoni mwao, tangu usichana wake. Wanaume wengi wa jimbo la Tamil Nadu waliwahi kuipenda sauti yake bila kumwona. Akiuliza bei ya vitunguu sokoni Vadapalani, watu hugeuka kumtafuta mwigizaji.

"Muuza samaki mmoja aliniuliza, 'Dada, sauti hiyo umeiiba wapi?'" anasimulia akicheka.

Filamu hii ya mapenzi, kisa cha binti mvuna chumvi na fundi cherehani, haikuwa yake kuisemea. Yazhini alikuwa amegoma kusemewa. Alimwambia mwongozaji mbele ya watu kwamba amechoka kufungua mdomo akatoka mtu mwingine. Siku chache kabla ya kuingia studio kurekodi, homa ikamchukua.

Poongodi alipoitwa, alikataa. "Mtu kasema hataki. Kufa kwake si ruhusa."

Aliyembembeleza ni mama wa marehemu, Vadivambal, aliyepanda treni kutoka Kumbakonam. "Filamu hii ikifungiwa kabatini, nitakuwa nimemzika mara ya pili," alimwambia. "Msemee, dada. Mimi nitakaa hapa nikusikilize."

Kazi ilikwenda vizuri hadi onyesho la mvua. Hapo Yazhini anaipa kamera mgongo. Mabega yanatikisika, anaongea, ila mashine ya mvua ilimeza maneno yote, na maandishi ya filamu hayakuwa na neno lolote mahali hapo. Poongodi alitakiwa kupumua tu.

"Nilivuta pumzi nikasikia baridi mgongoni, kama nimenyeshewa," anakumbuka. "Halafu nikajisikia ninasema."

Alisema: "Nifungulie mlango wa nyuma. Mbele kuna mbwa."

Devasagayam akasimamisha picha. "Dada, hiyo umeitoa wapi?"

"Sijui."

"Acha utani bwana! Imekaa na mabega yake, silabi kwa silabi."

Vadivambal alikuwa amesimama, kahawa imemmwagikia kwenye sari, wala hasikii moto wake. Ndivyo mwanawe alivyokuwa akiita kila jioni akitoka kujifunza dansi, kwa kumwogopa mbwa wa jirani. Na Vadivambal hakuwa amemsimulia mtu yeyote Chennai.

"Mimi jambo likinishinda hutafuta waya uliokatika," anasema Devasagayam. "Siku ile nilikagua zote. Zilikuwa nzima."

Baada ya hapo, Vadivambal alirudi kwao na kuanza kupiga simu kila jioni. "Sema tena," alikuwa akiomba. Poongodi, kwa huruma, alisema. Jioni moja akasikia upepo kwenye simu, na bawaba zikilia.

"Mama, umeacha mlango wazi?"

"Wa nyuma. Ninalala nao hivyo."

"Ameingia?" Poongodi aliuliza. Hakujua kwa nini ameuliza vile.

"Bado. Yuko uani. Wewe mwite tu."

Kulipokucha Poongodi alipanda basi la Kumbakonam. Anasema alikuta sahani ya wali wa mtindi kwenye kizingiti, haijaguswa, na sakafu ya jikoni imelowa maji. Mvua haikuwa imenyesha wiki nzima.

"Karibu, mwanangu," Vadivambal alimwambia. "Haya, sema."

"Mama, mimi ni Poongodi. Sauti hii ni yangu, ndiyo ninayoitumia kugombana na wauza vitunguu. Mwanao alitaka kujisemea. Tumwache."

Vadivambal akamzaba kofi. Kisha akamwangukia kifuani, akalia kilio ambacho majirani wanasema hakulia hata siku ya maziko.

Waliufunga mlango pamoja. Komeo liligoma, Poongodi anasema, kama kwamba kuna mtu ameegemea upande wa pili. "Mama yake akasema polepole, 'Nenda, mwanangu.' Likaingia lenyewe."

Simu za jioni zilikoma. Kwa ombi la Vadivambal, onyesho la mvua litatoka na sauti iliyorekodiwa siku lilipopigwa picha: mvua tupu, na chini yake mtu anaongea kwa mbali, haeleweki. Devasagayam alitaka kuisafisha, akakatazwa asiiguse.

Filamu inatoka mwezi ujao. Poongodi naye amekubali, kwa mara ya kwanza maishani, kusimama mbele ya kamera. Ataigiza mpishi wa hoteli katika filamu nyingine, sentensi chache tu, na kila siku anazifanyia mazoezi jikoni kwake.

"Natamani watu waione sauti hii ikitoka kwenye uso wa mwenyewe," anasema. "Juzi mwongozaji kaniuliza kama nitahitaji mtu wa kunisemea. Nikamwambia, thubutu!"